MAJI YA FAKITORI YASIRUDI MTONI



Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba kahawa huiva kwa wingi Meru na Embu. Ni wakati wa shughuli. Magunia yako barabarani, mashine inanguruma hadi usiku, na kila mtu anahesabu kilo zake. Lakini ni wakati huo huo ambapo mama anayeteka maji chini ya kiwanda hukuta mto umebadilika. Maji yamekuwa ya rangi ya udongo mweusi, yana povu, tena yananuka kama uji uliosahaulika. Ng'ombe ananusa na kugeuka. Mtoto akioga, mwili unamwasha. Watu husema, "Leo fakitori imefungulia maji."

Sasa tujiulize: fakitori ile ni ya nani? Si ya mtu wa mbali. Ni ya chama cha ushirika, na chama ni sisi. Anayepeleka kahawa kiwandani na anayeteka maji mtoni mara nyingi ni watu wa nyumba moja. Wazee walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Katika jambo hili tunalichuma na kulinywa pia.

Sisi wa Ruiri tuko upande ule wa Meru unaoelekea Isiolo, ambako mvua hupungua kadiri unavyoteremka. Tunajua bei ya mtungi mmoja wa maji. Kwa hiyo somo hili ni letu, hata kwa yule ambaye hana mti mmoja wa kahawa. Kikundi chochote kikianza kusindika chakula, yaani kuosha, kumenya, kupika au kuchachua kitu cha kuuza, kitakuwa na maji machafu. Tutatumia kahawa kama mfano kwa sababu ndiyo tunayoijua zaidi katika wilaya zetu za zamani za Meru na Embu. Mwishoni tutarudi kwa vikundi vidogo.

KWA NINI VIWANDA VIKO KARIBU NA MTO

Meru na Embu ni kati ya sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Baadaye vyama vya ushirika vilijenga viwanda vya kumenya. Kazi hiyo inataka maji mengi, basi viwanda vingi viliwekwa bondeni, hatua chache kutoka mtoni. Maji yalikuwa rahisi kuchukua. Kwa bahati mbaya, yalikuwa rahisi pia kurudisha.

Mito yetu haiishii kwetu. Kathita hupita karibu na mji wa Meru na kuteremka hadi Tharaka, kisha huingia Tana. Kapingazi na Rupingazi za Embu pia maji yake huishia Tana. Tunachomwaga sisi, jamaa zetu wa chini hukipokea. Na kule chini ni kukavu, hawana mto wa pili wa kuchagua.

NI NINI KILICHOMO NDANI YA MAJI HAYA?

Utasikia mtu akisema, "Hiyo si sumu, ni maganda ya kahawa tu." Ni kweli kwamba yametoka kwa tunda. Lakini tunda lina sukari, na hapo ndipo shida huanza.

Tufuate kahawa tangu inapofika. Cheri hupimwa, kisha huingia kwenye mashine ya kumenya. Ganda jekundu hutoka, na mbegu hubaki na ute unaoteleza. Mbegu hizo huwekwa kwenye matangi zichache, mara nyingi usiku mmoja au zaidi, mpaka ute uachane nazo. Kisha huoshwa kwenye mifereji, hulowekwa kwa maji safi, na mwisho huanikwa mezani. Inahitaji kama kilo 6 hadi 7 za cheri kupata kilo 1 ya kahawa safi ya kuuzwa. Zile kilo nyingine zimekwenda wapi? Sehemu kubwa ni ganda, ute na maji ya tunda. Sukari na ute mwingi huondoka na maji ya kiwanda.

Maji hayo yakiingia mtoni, vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho hushambulia ile sukari na kuila. Vikila, vinapumua. Vikipumua, vinamaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki, vyura na wadudu wa mtoni hukosa pumzi na kufa. Baada ya hapo huja vijidudu vya aina nyingine visivyohitaji oksijeni, na hao ndio wanaoleta harufu ya kuoza na rangi nyeusi.

Wataalamu hupima uchafu wa namna hii kwa kuuliza: lita moja ya maji haya itahitaji oksijeni kiasi gani mpaka sukari yake iishe? Maji machafu ya kawaida kutoka majumbani mjini huhitaji miligramu mia chache. Maji ya kumenya kahawa huhitaji maelfu, na yale mazito kabisa yamepimwa hadi kama miligramu 20,000 kwa lita.

Fanya hesabu hii na kikundi chako. Lita moja ya maji safi ya mto ina oksijeni kama miligramu 8 tu. Tuseme maji ya kiwanda yanahitaji miligramu 8,000 kwa lita. Basi lita 1 ya maji ya kiwanda inaweza kumaliza oksijeni ya lita 1,000 za mto. Mtungi mmoja wa lita 20 unaharibu lita 20,000. Ndiyo maana hatusemi tena, "Mto ni mkubwa, utajisafisha." Wakati wa kiangazi mto wetu si mkubwa hivyo.

Tena maji haya ni machachu. Kipimo cha uchachu kinachoitwa pH kwa maji safi huwa karibu na 7. Maji ya kahawa yaliyochacha huteremka hadi 4, na pengine chini ya hapo.

HATUA YA KWANZA: TUMIA MAJI KIDOGO

Watu wengi wakisikia habari ya maji machafu, wanafikiria kwanza kuchimba shimo. Hapana. Jambo la kwanza ni kupunguza maji yenyewe, kwa sababu hakuna shimo litakalotosha kama mfereji unatiririka mchana na usiku.

Kiwanda kisichorudia maji kinaweza kutumia hadi mita 20 za ujazo kwa kila tani ya cheri. Kinachorudia maji vizuri kinaweza kutumia mita 4 au 5. Chukua kiwanda kinachopokea kilo 5,000 kwa siku. Bila kurudia, hiyo ni lita 100,000, yaani mitungi 5,000 ya lita 20. Kwa kurudia, ni lita 25,000, yaani mitungi 1,250. Mitungi 3,750 imebaki mtoni kwa siku moja!

Kurudia maji ni hivi: maji safi yaanzie mwisho wa kazi, yasianzie mwanzo. Maji safi yatumike kuloweka kahawa iliyokwisha kuoshwa. Maji yaliyolowekewa bado ni mazuri, yatumike kuosha. Maji ya kuoshea yatumike kumenya cheri. Na maji ya kumenya, yakichujwa maganda, yarudishwe kwa pampu yamenye tena siku hiyo hiyo.

Angalia neno hilo: siku hiyo hiyo. Maji ya kumenya yakilala hadi kesho huchacha na kuleta harufu mbaya kwa kahawa, na bei huanguka. Kazi ya siku ikiisha, maji hayo yaende shimoni.

Ziba pia mabomba yanayovuja, na mfereji ufungwe mashine ikisimama. Haya hayahitaji mkopo.

HATUA YA PILI: TENGA MAGANDA

Ganda likikaa ndani ya maji, linazidi kuachia sukari. Kwa hiyo maganda na maji viachane mapema. Weka wavu wa chuma au chekeche pale maji ya mashine yanapotokea. Maganda yabaki juu, maji yapite. Mahali pazuri zaidi ni pale ambapo maganda huondolewa makavu, bila kusukumwa na maji kabisa.

Maganda ni mbolea. Yachanganye na samadi na nyasi, yageuzwe mara kwa mara, yakae miezi kama 3 au 4 mpaka yawe meusi na yasiwe na moto ndani. Hapo yarudi kwenye mashina ya kahawa na migomba. Lakini lundo la maganda lisikae ukingoni mwa mto. Mvua ikinyesha, maji yanayotoka chini ya lundo ni machafu sawa na yale ya mashine. Liweke mbali, mahali palipoinuka kidogo, na lifunikwe.

HATUA YA TATU: ACHA MAJI YATULIE

Kabla ya kwenda kwenye shimo la kunyonya, maji yapite kwanza kwenye tangi la kutulia. Hapo yataendelea kuchacha, na ule ute utaganda na kupanda juu kama utandu wa uji. Mchanga na vipande vizito vitazama. Utandu utolewe kwa upawa au jembe na kupelekwa kwenye lundo la mbolea.

Wengine hukimbilia kutia chokaa mara moja. Chokaa ni kitu kizuri, hupunguza uchachu. Lakini haiondoi sukari. Basi toa kwanza ute, halafu tia chokaa kidogo kidogo huku ukipima. Kuna karatasi za kupimia pH zinazobadilika rangi. Mjumbe mmoja wa kamati anaweza kujifunza kuzitumia kwa muda mfupi tu. Maji yakikaribia 7, inatosha.

ONYO: Mtu asiingie kamwe ndani ya tangi au shimo lenye vitu vinavyochacha. Hewa mbaya hukaa chini na inaweza kumwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Anayeruka kumwokoa huanguka pia. Fanya kazi ukiwa juu, kwa mti mrefu. Zungushia ua, na watoto wasikaribie.

HATUA YA NNE: MAJI YANYWEWE NA ARDHI

Udongo wetu mwekundu wenye kina wa miteremko ya Mlima Kenya hunyonya maji vizuri. Ndani ya udongo kuna vijidudu ambavyo vitaimaliza ile sukari polepole bila kudhuru samaki. Hii ndiyo kazi ya shimo la kunyonya. Lakini shimo lina masharti yake:

1. Lisiwe karibu na mto. Umbali wa mita 30 na zaidi ni busara. Kama kuna kisima, shimo liwe upande wa chini wa kisima na mbali zaidi.

2. Jaribu udongo kwanza. Chimba tundu dogo, lijaze maji, acha yaishe, kisha jaza tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamesimama kesho yake, mahali hapo hapafai. Ukichimba na kukuta maji ya chini yanatokea, acha kabisa.

3. Pimeni siku ya wingi, si siku ya kawaida. Kiwanda chetu cha mfano kinatoa mita 25 za ujazo kwa siku. Shimo la mita 5 kwa 5, kina mita 2, linabeba mita 50. Hizo ni siku mbili tu kama ardhi hainyonyi. Kwa hiyo mashimo yawe kadhaa, yapokezane. Moja likipumzika, jingine lijazwe.

4. Mvua isiingie. Chimba mtaro upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando. Mashimo mengi hufurika kwa sababu ya mvua ya Novemba, wala si kwa sababu ya kahawa.

5. Shimo hutaka kusafishwa. Ute huziba udongo kama lipu. Msimu ukiisha na shimo likikauka kabisa, kwangua kuta na chini. Shimo lililosahaulika miaka mitano si shimo tena, ni bwawa la harufu.

Kati ya mashimo na mto panda mstari mpana wa nepia, migomba au nyasi zenye mizizi mingi. Mimea hiyo hukamata kinachoponyoka. Lakini usimwagilie mboga kwa maji machachu yasiyotulizwa. Yataunguza mimea na kuharibu udongo.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Shida hii si yetu peke yetu. Huko Kolombia, kituo cha utafiti wa kahawa cha Cenicafé kilitengeneza katika miaka ya 1990 mtambo unaoitwa Becolsub. Unaondoa ute kwa kusugua badala ya kuchachua na kuosha, na unatumia chini ya lita 1 ya maji kwa kilo ya kahawa kavu. Ute huo mzito huchanganywa na maganda na kuwa mbolea. Mashine za namna hiyo zimefika pia Afrika Mashariki. Lakini mkumbuke: mashine inapunguza maji, haifuti sukari. Ule ute bado unataka mahali pa kwenda.

Amerika ya Kati, kuanzia mwaka 2010, mradi mmoja ulijenga mitambo ya kugeuza maji ya kahawa kuwa gesi ya kupikia na kuendeshea mashine huko Nikaragua, Honduras na Guatemala. Ni njia nzuri kwa chama chenye uwezo. Kwa wengi wetu, kurudia maji, wavu na mashimo mazuri ndiyo mwanzo.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 ilianzisha NEMA. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka vipimo vya maji yanayomwagwa: yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita, na pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. Linganisha 30 na yale maelfu tuliyotaja, utaona kwamba kumwaga moja kwa moja hakukubaliki kabisa. Kanuni hizo pia zilikataza shughuli za ujenzi na maendeleo kwenye ukingo wa mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ofisi ya NEMA ya kaunti itawaeleza leseni na vipimo vinavyotakiwa sasa.

Hata hivyo, msianze na mashtaka. Kiwanda kikifungwa katikati ya msimu, kahawa itaozea magunia na hasara ni ya mkulima. Anzeni na kamati ya kiwanda. Nendeni pamoja na chama cha watumiaji wa maji wa mto huo, mwangalie mashimo kabla ya Oktoba, si Desemba mambo yakishaharibika. Mkikataliwa, pelekeni jambo kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Ikishindikana hapo, ndipo ofisi ya serikali.

NANI ATALIPA?

Tuseme ukweli. Pesa za pampu na mashimo hutoka kwenye malipo ya mkulima. Kila mwaka katika mkutano mkuu, mtu husimama na kusema, "Mmetukata pesa nyingi, tunataka malipo ya juu." Watu wanapiga makofi. Kamati inaogopa kura, na shimo halichimbwi. Basi tusiilaumu kamati peke yake. Anayepiga makofi siku ile ndiye anayemtuma mkewe kuteka maji yale.

Fikirieni pia gharama ambayo haiandikwi kwenye daftari la chama: muda wa kina mama kutafuta maji mbali, ng'ombe waliopunguza maziwa, dawa za watoto. Mtu wa chini ya mto analipa gharama hiyo na hata hajauza kilo moja ya kahawa.

KWA VIKUNDI VIDOGO

Kama kikundi chenu kinatengeneza maziwa ya mtindi au jibini, krisi za ndizi, juisi au unga wa muhogo, kanuni ni zile zile:

- Maji ya jibini yana nguvu kuliko hata ya kahawa. Wapeni nguruwe au ndama, msimwage mtaroni.
- Maganda na makombo yafagiliwe kwanza, ndipo muoshe. Msitumie maji kama ufagio.
- Mafuta ya kukaangia yasiingie kwenye maji. Yanaziba shimo upesi.
- Maji ya kusuuza mwisho yatumike kuosha mwanzo kesho yake, kama bado ni safi na hayana sabuni. Sufuria na vyombo vya maziwa vioshwe kwa maji safi tu.
- Chimbeni shimo kabla ya kununua mashine, si baadaye.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Maji ya kiwanda au ya kazi yetu yanakwenda wapi? Twendeni tukaangalie kwa macho, tusijibu tukiwa tumekaa.
2. Nani anateka maji chini yetu? Je, tumewahi kuwauliza?
3. Tunatumia mitungi mingapi kwa siku? Mingapi ingeweza kurudiwa?
4. Ni jambo gani moja tunaweza kulifanya kabla ya msimu ujao bila kungojea msaada?
5. Katika mkutano mkuu ujao, nani kati yetu atasimama na kusema, "Kateni kidogo, tuchimbe shimo"?

Swali la tano ndilo gumu. Kikundi kikipata mtu mmoja wa kusimama, na wengine watano wa kumuunga mkono, mto una matumaini.